Hiari Iliyoazimwa

Tarehe 22 Juni 1944, vita vikiwa bado vinarindima, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alitia saini sheria ambayo mpaka leo watu huiita GI Bill. Askari atakayerudi aliahidiwa ada ya chuo au ya mafunzo ya ufundi, posho ya kujikimu akiwa masomoni, dhamana akitaka mkopo wa nyumba, na dola 20 kila wiki, kwa wiki zisizozidi 52, wakati akitafuta kazi. Majira hayo hayo, upande mwingine wa dunia, vijana wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliotoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walikuwa wakiingia Bonde la Kabaw nchini Burma, mvua za monsuni zikiwanyeshea usiku na mchana na matope yakimeza magari yao. Kufika Desemba walikuwa wameutwaa mji wa Kalewa. Adui waliyepigana naye alikuwa upande mmoja na adui wa askari wa Roosevelt. Lakini walipovua gwanda, makundi haya mawili yalirudi kwenye dunia mbili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Swali langu si namna mafunzo ya wanajeshi wastaafu yanavyoendeshwa. Fomu, ada, madirisha na mihuri vina wataalamu wake. Ninauliza jambo la nyuma ya hayo: nchi inapomchukua mtu aliyeweka bunduki chini na kumfundisha useremala, uhasibu au ufundi wa umeme, inamwambia nini? Inamshukuru? Inamwogopa? Inamlipa? Vitendo vyaweza kufanana kabisa, darasa likawa lile lile, mwalimu yule yule, cheti kile kile, na bado maana zikawa mbali kama mashariki na magharibi. Naye anayepokea huijua maana hiyo mara moja, hata kama hawezi kuitamka.

Tuanze na jibu linalokuja upesi, kwamba mafunzo haya ni shukrani. Shukrani, kwa ninavyoielewa, ni kukiri kwamba mtu amekutendea jema ambalo hukuwa na uwezo wa kumlazimisha alitende. Jirani aliyekesha na mgonjwa wako unamshukuru kwa sababu angeweza kulala. Hapo ndipo neno hili linapoanza kututatiza tunapolipeleka kambini. Askari hakukesha lindoni kwa kuwa alijisikia kukesha, aliamriwa. Inawezekana aliingia jeshini kwa kupenda, lakini akishaingia, kila alichokitenda alikitenda akiwa mtu asiye na ruhusa ya kusema hapana. Kumwambia asante tu ni kama kusahau kwamba amri ilikuwapo.

Kuna jingine. Shukrani hujipimia yenyewe ukubwa wake. Anayeshukuru ndiye anayeamua kama atatoa ng'ombe au atatoa neno, na akitoa neno hakuna wa kumshitaki. Katikati ya Dar es Salaam imesimama tangu 1927 Sanamu ya Askari, ya shaba, bunduki mkononi, kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni kazi nzuri ya sanaa, na sioni ubaya kupita pale nikatazama juu. Vilevile kila tarehe 25 Julai Watanzania huwakumbuka mashujaa wao, na huko Kaboya, mkoani Kagera, wamelala askari waliokufa katika vita vya 1978 na 1979 dhidi ya majeshi ya Idi Amin. Hayo ni ya lazima. Taifa lisilozika wafu wake kwa heshima limeharibika. Lakini wafu na sanamu hawana watoto wa kupeleka shule. Shukrani ya namna hii hutazama nyuma, nayo humpenda shujaa akiwa ametulia kimya. Aliye hai huja na goti bovu, na miaka arobaini na kitu, na swali: sasa nifanye kazi gani? Shukrani peke yake haina jibu la swali hilo.

Jibu la pili ni gumu kulikiri hadharani, ingawa kwenye meza za watunga sera huenda ndilo la kwanza. Ni hofu. Mtu aliyefundishwa kutumia silaha, akikaa na njaa, anatisha. Marekani ilijifunza hili kwa aibu. Mwaka 1932 maelfu ya wanajeshi wa zamani wa Vita vya Kwanza walikwenda Washington na familia zao, wakapiga kambi, wakidai walipwe mapema fedha walizoahidiwa kupewa mwaka 1945. Tarehe 28 Julai jeshi lenyewe, likiongozwa na Jenerali Douglas MacArthur, liliwafukuza kwa mabomu ya machozi, na vibanda vyao vikateketea kwa moto. Wabunge waliopitisha sheria ya 1944 walikuwa watu wazima wenye kumbukumbu. Walijua kwamba mamilioni ya askari wangerudi kwa pamoja, na viwanda vya silaha vingefungwa siku hizo hizo.

Afrika nayo inaijua hofu hii. Uganda ilipopunguza jeshi lake kati ya 1992 na 1995, zaidi ya askari 36,000 walirudishwa uraiani kwa mpango maalumu, wakapewa fedha na msaada wa kuanzia maisha. Msumbiji, baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini Roma mwaka 1992, iliwaondolea silaha wapiganaji zaidi ya 90,000 wa pande zote mbili, na posho zao zikalipwa kwa awamu kwa muda wa miaka miwili. Rwanda ina kambi ya Mutobo, ambako wapiganaji wanaorudi kutoka misitu ya Kongo hupewa mafunzo kabla ya kwenda vijijini kwao. Sitaki kuidharau kazi hii. Hofu iliyotumiwa kwa busara imeokoa maisha mengi kuliko hotuba, na mama aliyelala usingizi Sofala au Ruhengeri kwa sababu ya posho hizo haulizi zilitokana na hofu au na upendo.

Hata hivyo hofu ina kasoro inayotoka ndani yake yenyewe. Humwona mtu kama tatizo la kutulizwa. Mafunzo yanayotokana na hofu hulenga kumpa mtu shughuli, basi, ili mikono yake isiwe mitupu. Kama shughuli hiyo inamfaa, kama ina soko, kama anaipenda, hayo huja baadaye au hayaji kabisa. Tena hofu humlipa anayetisha na kumsahau mpole. Askari aliyerudi nyumbani, akakaa kimya na jembe lake, akaumwa kimya na akafa kimya, hakuwahi kumtia mtu hofu, kwa hiyo hakuwahi kuingia katika hesabu. Utaratibu unaowafundisha askari wapole kwamba wangepata zaidi kama wangekuwa wakorofi hauwezi kuwa na msingi mzuri.

Tubaki basi na jibu la tatu, deni. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini hapa nataka kwenda mbele ya ahadi, kwa sababu liko deni hata pale ambapo hakuna aliyeahidi kitu. Deni ni kile kilicho cha mwingine kilicho mikononi mwako. Ukubwa wake hauchagui wewe, na mwenye kudai hahitaji kupiga magoti wala kutisha.

Hapa msomaji anaweza kunikatiza, na ana haki. Deni gani? Askari alikuwa na mshahara. Alilishwa, alivikwa, alitibiwa, na akistaafu hupewa kiinua mgongo na pensheni. Muuguzi naye amehudumia taifa, mwalimu wa kijijini naye, mvuvi anayetulisha naye; mbona hatuwajengei mpango wao? Hoja hii ni nzito na si ya kuipuuza kwa kupiga saluti. Mimi naijibu hivi. Muuguzi anauza kazi yake, na kesho asubuhi anaweza kuandika barua ya kuacha. Akiambiwa aingie wodi ambamo kwa hakika hakuna atakayetoka hai, anaweza kukataa, na adhabu yake kubwa ni kupoteza ajira. Askari akikataa, anasimama mbele ya mahakama ya kijeshi. Mshahara unalipa siku zake na jasho lake. Haulipi kile kitu kingine alichokikabidhi langoni siku ya kwanza pamoja na nguo zake za kiraia, nacho ni hiari.

Hiari ninaitumia kwa maana hii: uwezo wa mtu kujiuliza nini kinachofaa, akakiamua, akakifuata, akabeba matokeo yake. Jeshi haliwezi kuwapo bila kuichukua. Silaumu; kikosi ambacho kila mtu anaamua wakati wake wa kusonga mbele si kikosi. Kwa hiyo mtu huamshwa saa iliyopangwa na wengine, hula kilichopikwa, huvaa alichopewa, huhamishwa kutoka Songea kwenda Bukoba bila kuulizwa kama mkewe ameanza biashara, na katika kilele cha yote huambiwa simama hapa, nawe unaweza kufa hapa. Miaka kumi, kumi na tano, ishirini. Miaka hiyo si ya kawaida tena, kwa sababu ndiyo ile ambayo wenzake wa rika moja walikuwa wakijaribu kazi na kuziacha, wakijenga majina sokoni, wakikosea na kujirekebisha, wakijuana na watu ambao baadaye wangewaita kazini. Uzoefu wa kuchagua hukua kwa kuchagua. Yeye alikuwa akikua katika utii, na utii wake ndio uliowapa wengine nafasi ya kuchagua.

Ukiazima jembe la mtu msimu mzima, humrudishii shukrani, wala humrudishii kuku. Unarudisha jembe, na kama limelika unamnolea. Nchi iliazima hiari ya askari. Mafunzo ya kazi yenye maana, kwa hoja hii, ni yale yanayomrudishia hiari hiyo ikiwa imenolewa. Yakimpa ujuzi bila uchaguzi, deni halijalipwa. Imetolewa amri nyingine tu, safari hii na mtu asiyevaa cheo.

Kuna swali ambalo siwezi kuliruka: je, deni hili lipo hata kama vita vyenyewe vilikuwa vya dhuluma? Askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza ambamo vijana wale wa Burma walitumikia, walitumwa baadaye kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau. Kabla yao askari wa Wajerumani walichoma maghala ya chakula kusini mwa Tanganyika wakati wa Maji Maji. Naona lazima tutenganishe mambo mawili. Uovu alioutenda mtu kwa mkono wake unabaki kwake, na hakuna mafunzo ya ufundi yatakayoufuta. Lakini aliyeichukua hiari ya kijana na kuitumia kwa uovu ana deni kubwa zaidi kwa kijana huyo, kwa sababu amemrudisha nyumbani akiwa na mzigo ambao hakuuchagua.

Sasa turudi 1944 tukiwa na kipimo mkononi. Kilichoipa sheria ile ya Marekani nguvu, kwa maoni yangu, hakikuwa wingi wa fedha. Ilikuwa ni kwamba askari mwenyewe ndiye aliyechagua chuo, karakana au shamba la kujifunzia, na malipo yakamfuata huko alikokwenda. Baadhi ya wakubwa wa elimu hawakupenda. Robert Hutchins, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, alionya mwaka huo huo kwamba vyuo vingegeuka maficho ya watu wasio na kazi. Ilipofika 1947, karibu nusu ya walioandikishwa vyuoni walikuwa wanajeshi wa zamani, na wakasoma vizuri. Hadi mpango ulipofungwa mwaka 1956, watu milioni 7.8 kati ya wanajeshi wa zamani takribani milioni 16 walikuwa wamepata elimu au mafunzo; wa vyuo vikuu walikuwa milioni 2.2 tu, waliobaki walikwenda shule za ufundi, viwandani na mashambani. Na zile dola 20 za kila wiki, ambazo wenye mashaka walisema zingezaa jeshi la wavivu? Chini ya asilimia 20 ya fedha zilizotengwa ndizo zilizotumika. Walipoachiwa wachague, wengi walichagua kazi.

Siutaji mfano huu kama hadithi ya malaika. Utekelezaji wa sheria ile uliachwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa maofisa wa majimbo, na kusini mwa Marekani maofisa hao walikuwa na macho yanayoona rangi kwanza. Katika miji kadhaa ya Mississippi iliyochunguzwa, kufikia majira ya joto ya 1947, mikopo zaidi ya 3,000 ya nyumba, biashara na mashamba ilikuwa imedhaminiwa kwa wanajeshi wa zamani. Ya watu weusi ilikuwa miwili. Ofisi ya ajira katika jimbo hilo, kufikia Oktoba 1946, ilikuwa imewapatia maelfu ya wastaafu kazi zisizo za shambani: asilimia 86 ya kazi za ujuzi na nusu ujuzi zilikwenda kwa weupe, asilimia 92 ya kazi zisizo na ujuzi zilikwenda kwa weusi. Hebu mfikirie fundi wa magari mweusi aliyetengeneza malori ya jeshi chini ya mabomu, akaambiwa dirishani kwamba nafasi iliyopo ni ya kufagia. Sheria ilikuwa moja. Aliyepewa uchaguzi alilipwa. Aliyechaguliwa na wengine alidhulumiwa, tena kwa kutumia karatasi ile ile.

Na wale wa Kalewa? Wao hawakusubiri dirisha ili wajue nafasi yao. Jeshini walikuwa wamejifunza udereva, mawasiliano ya redio, uuguzi, ukarani, kusoma na kuandika. Walikuwa wameona miji ya Ceylon na India, na wamemwona Mzungu akivuja damu na akiogopa kama mtu mwingine yeyote. Kiinua mgongo chao kilipimwa kwa rangi ya ngozi. Waliporudi Kenya walikuta kipande kikiwasubiri, kile cheti cha kutembea nacho kwenye kikebe cha chuma. Maveterani wa Kizungu walikuwa wamegawiwa ardhi huko tangu mpango wa 1919, baada ya vita vya kwanza, na baada ya vita vya pili wakaandaliwa tena mashamba. Mwafrika aliyelala handaki moja nao hakuwa na sehemu katika mgao huo. Kulikuwa na mafunzo, nisiseme hakukuwa. Chuo cha Jeanes huko Kabete kilipokea baadhi yao. Lakini mafunzo hayo yalikaa ndani ya uamuzi uliokwisha fanywa na wengine kuhusu nafasi ya Mwafrika, alipe kodi, akae hifadhini kwao, asiwe na haraka. Dereva aliyevuka mito ya Burma aliulizwa maswali mengi alipoachishwa jeshi, ila moja halikuulizwa.

Waruhiu Itote alikuwa mmoja wao. Alijiunga na KAR mwaka 1942, akapigana Burma, akarudi akiwa koplo, akapata kazi ya kuchochea moto kwenye injini za reli. Baadaye aliingia msituni na wapiganaji wa Mau Mau, akajulikana kama Jenerali China, akakamatwa Januari 1954. Bildad Kaggia, aliyekuwa karani jeshini na kufika Mashariki ya Kati na Uingereza, alirudi akaingia katika vyama vya wafanyakazi na siasa, akahukumiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta. Sitaki kudai kwamba kozi nzuri ya ufundi ingewazuia; waliyoyapigania yalikuwa makubwa kuliko ajira, na ni vizuri waliyapigania. Ninachokiona kwao ni kwamba hiari isiporudishwa kwa mlango wa mbele, mwenyewe huitafuta. Baada ya uhuru Itote alikuwa miongoni mwa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa ya Kenya, chombo kilichowafundisha vijana ufundi. Kila ninapolikumbuka hili hunigusa: mtu ambaye utawala haukumwona zaidi ya kuchochea moto aliishia kuwafungulia wengine karakana.

Hapa inatubidi tutenganishe ajira na kazi. Ajira ni nafasi ambayo mwingine anakupa, ina mshahara, ina mwanzo na inaweza kuchukuliwa kesho. Kazi ni kile ambacho mtu hukifanya na kupitia hicho hujitambua, na watu wakamtambua: fundi fulani, mama lishe fulani, mwalimu fulani. Mtu anaweza kuwa na ajira miaka mingi bila kazi, na anaweza kukosa ajira huku kazi yake ikimjaza siku nzima. Jeshi lilikuwa limempa askari vyote viwili kwa pamoja, ndiyo maana kuliacha huuma kiasi kile. Hapotezi mshahara tu. Anapoteza jibu la swali "wewe ni nani?", jibu ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limeshonwa begani.

Nenda mji wowote wa Afrika Mashariki, simama kwenye geti la benki, la ghala, la shule ya binafsi. Mara nyingi mlinzi utakayemkuta alikuwa jeshini, na utamjua kwa jinsi anavyosimama. Ulinzi ni kazi ya heshima, na wako walioichagua na kuifanya kwa fahari. Siongei juu yao. Ninawafikiria wale ambao hakuna aliyewaza kwamba wangeweza kitu kingine. Jeshi lina wapishi wanaolisha mamia kwa wakati mmoja, wajenzi wa madaraja, wauguzi wa vyumba vya upasuaji, mafundi wa redio, wahasibu, walimu, wapiga tarumbeta. Mtu huyo huyo akivuka geti kuja huku kwetu, tunaona bunduki tu. Tunamwambia afande, kwa heshima kabisa, kisha tunampa rungu na kiti cha plastiki. Macho yetu yanamrudisha lindoni. Je, huko ndiko kurudi uraiani? Kwangu mimi mtu huyu bado hajarudishwa. Tumemhamisha kituo, kwa mshahara mdogo zaidi.

Kisa kimoja husimuliwa sana, nami nakieleza kama kisa. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa Kiafrika waliokuwa bado hai, waliopigana katika Vita vya Kwanza chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Ujerumani Afrika Mashariki, karibu nusu karne nyuma. Inasimuliwa kwamba wazee walifika Mwanza kuchukua fedha zao, wengi hawana hati yoyote, na mlipaji akakosa namna ya kuwatambua, hata alipomkabidhi kila mmoja ufagio na kumpa amri za kwata kwa Kijerumani. Mikono ya wazee ikakumbuka. Hakuna aliyekosea.

Watu hukisimulia wakitabasamu kwa kuvutiwa na uaminifu wa wazee wale. Mimi huumia kidogo. Baada ya miaka hamsini ya kulima, kuvua, kulea, kusuluhisha ugomvi wa koo, kitu pekee walichoulizwa kuthibitisha kilikuwa utii. Na ndicho kilicholipwa. Kila mtu ana ujuzi mwingi, lakini ujuzi hauwi mali mpaka mwenye mamlaka ya kuutambua autambue. Kwa hiyo kutambua ni tendo la haki, haliishii kwenye karatasi. Tanzania ina utaratibu ambao naupenda, wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunza chini ya mwembe, bila darasa, hupimwa na akistahili hupewa cheti. Wazo lililomo ndani yake ni kubwa. Linasema maisha uliyoyaishi hayakupotea, na kwamba hatukuanzishi upya kama mtoto. Mstaafu wa jeshi anahitaji kuambiwa hivyo kuliko anavyohitaji kozi ya pili na ya tatu ya mambo ambayo tayari anayajua kwa mikono yake.

Neno moja kuhusu muda. Hiari ikirudishwa kwa kuchelewa, hairudi nzima. Mtu wa miaka 22 akipewa nafasi ya kuchagua, anaweza kukosea mara mbili na bado akafika. Mtu wa miaka 45, mwenye watoto watatu na nyumba isiyoezekwa, hana makosa mengi ya kutumia. Watu huwalaumu wastaafu wengi kwamba walipewa kiinua mgongo wakakimaliza kwa miezi. Daladala iliyoharibika, shamba la ndugu, biashara ya rafiki. Lakini tulitazamia nini, tunapomkabidhi fedha nyingi kwa siku moja mtu tuliyemzuia kuchagua kwa miaka ishirini? Kuchagua hufundishwa, na huanza kufundishwa kabla ya siku ya kuvua gwanda. Mafunzo yanayoanza baada ya kiinua mgongo kwisha yamekuja kuzika.

Na wewe unayekaa upande wa pili wa meza, afisa ajira, mwenye kiwanda, mkuu wa chuo cha ufundi, diwani mwenye mkopo wa vikundi mkononi: atakuja. Ataingia ofisini akiwa amenyooka mgongo, atasubiri uanze wewe kusema, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Atakubali chochote utakachompangia, atasema sawa mkuu, nawe utadhani ameridhika. Usimpangie. Muulize anajua nini, uandike yote, hata yale ambayo fomu yako haina nafasi yake. Kisha muulize anataka kufanya nini. Akikosa jibu siku ya kwanza, mpe wiki, arudi, umuulize tena.